Kivinjari kipi ni salama? Tuulizane kwanza: salama dhidi ya nani

Wazee wangu, ndugu zangu, vijana wetu, hamjambo wote. Asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimefika hapa mapema, na kabla sijaketi nimekuta vijana wawili mlangoni wanabishana. Mmoja anashika Chrome: Google ina wataalamu, ina fedha, nani ataiweza? Mwenzake anashika Firefox: Chrome ni mali ya wauza matangazo, mwenye akili yake haigusi. Akatokea wa tatu na Brave yake, sauti zikapanda. Nikawaomba kitu kimoja tu. Fungueni kompyuta zenu, tutazame pembe ya juu, upande wa kulia.

Kwa yule wa Chrome palikuwa na alama nyekundu. Kwa yule wa Firefox palikuwa na kitone cha kijani juu ya ile mistari mitatu ya menyu. Alama zote mbili zinasema neno lilelile: sasisho lipo tayari, linangoja ufunge kivinjari ukifungue upya, nawe hujafanya hivyo. Chrome ya kwenye kompyuta inahesabu hata siku kwa rangi. Kijani maana yake sasisho limetoka siku mbili hizi. Rangi ya chungwa, siku kama nne. Nyekundu, wiki nzima au zaidi. Kijana wetu aliyekuwa anaitetea Chrome kwa moyo wote alikuwa anatumia Chrome ya wiki iliyopita au ya nyuma zaidi, yenye nyufa ambazo Google yenyewe imekwisha kuzitangaza na kuwazibia wengine. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ana vichupo arobaini na tatu, yaani kurasa alizozifungua pamoja, anaogopa kuvipoteza.

Wamenikubalia niwataje bila majina, na sikuwaleta hapa kuwaaibisha. Nimewaleta kwa sababu hofu ile ya vichupo ninaikuta kila ninapokwenda, na haina msingi: ukibonyeza kile kitufe cha kuzindua upya, vichupo vyako vinarudi vilivyokuwa, isipokuwa vile vya hali fiche (incognito). Dakika moja tu, na ile ngome unayoisifia inakuwa ngome kweli.

Naomba tuanze na kazi ya kivinjari, maana humo ndimo hatari ilimo. Programu nyingine kwenye kompyuta yako uliichagua, ukaiweka mara moja, yakaisha. Kivinjari hakiko hivyo. Kila unapofungua ukurasa kinapokea maelekezo ya mtu usiyemjua na kuyatekeleza papo hapo, ndani ya mashine yako: picha zake, video zake, aina zake za herufi, programu zake ndogo za JavaScript. Umefungua kurasa mia leo, umepokea wageni mia. Na kila aina ya kitu kinacholetwa na mgeni inahitaji fundi wa kukifungua, na kila fundi anaweza kukosea.

Nitawapa mfano mmoja, ambao mimi humweleza kila mtu anayeniuliza kivinjari kipi ni bora. Septemba 2023 liligunduliwa kosa katika maktaba ndogo ya programu iitwayo libwebp. Kazi yake ni kufungua picha za aina ya WebP, basi. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuifanya maktaba hiyo iandike nje ya eneo lake la kumbukumbu, na hapo ndipo mdukuzi anapopata mlango. Walioripoti ni timu ya usalama ya Apple pamoja na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, na Google ilikiri kwamba ufa ule ulikuwa tayari unatumiwa na washambuliaji. Sasa, maktaba ile ilikuwa ndani ya kivinjari gani? Chrome. Na Firefox. Na Edge, na Brave, na Opera. Google ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba ufa, tarehe 11 Septemba; Mozilla, wenye Firefox, tarehe 12. Siku ile, mtu wa Firefox na mtu wa Chrome waliobishana mwaka mzima walikuwa wanalala katika nyumba zenye ufa mmoja, na aliyepona mapema ni yule aliyesasisha mapema.

Yako pia mashindano yanayoitwa Pwn2Own, tangu mwaka 2007, ambapo watafiti wanalipwa kwa kuvunja programu mbele ya macho ya watengenezaji, ili watengenezaji wapate kuziba. Machi 2024 huko Vancouver, mtafiti mmoja, Manfred Paul, alivunja Chrome, Edge ya Microsoft, Safari ya Apple na Firefox. Mtu mmoja, siku mbili, vivinjari vinne. Mozilla ilitoa kiraka chake siku iliyofuata. Mimi habari ile sikuisoma kwa kukata tamaa. Niliisoma nikajua kwamba swali la kumuuliza mtengenezaji ni hili: ukionyeshwa ufa leo, unauziba lini?

Na kiraka kikishatoka, hatari kwa aliyechelewa inaongezeka. Chromium, ambayo ndiyo msingi wa Chrome, ni programu huria, na msimbo wake unasomwa na yeyote. Marekebisho yakiingizwa, mdukuzi anayasoma, anaona wapi pamerekebishwa, anajua wapi palikuwa na ufa. Kiraka kinamchorea ramani ya kwenda kwa wale ambao bado. Ndiyo maana mwaka 2023 Google ilianza kutoa masasisho ya usalama ya Chrome kila wiki, kupunguza siku hizo za katikati. Wao wamekimbia, sisi tunakaa na alama nyekundu kwa ajili ya vichupo.

Haya, tuje kwenye kuta zenyewe, maana sitaki nionekane nasema vivinjari vyote ni sawa. Haviko sawa.

Zamani kivinjari kizima kilikuwa chumba kimoja. Ukurasa mmoja ukiharibika, vyote vinaanguka, na aliyeingia kupitia dirisha moja amefika kila mahali. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilikuja na mpango wa kugawa kazi katika vyumba vingi na kuvifungia, ili msimbo wa ukurasa usiweze kugusa faili zako hata ukiasi. Mwaka 2018, baada ya dunia kugundua udhaifu wa Spectre ulio ndani ya vichakataji vyenyewe, Chrome ikaenda mbali zaidi: kila tovuti ikapewa chumba chake, ili tovuti ya mwizi isikae chumba kimoja na barua pepe yako. Firefox ilifika hapo Desemba 2021. Hiyo ni miaka mitatu na zaidi nyuma. Mimi natumia Firefox na ninaipenda, lakini katika jambo hili kijana wa Chrome alikuwa na haki, na nimemwambia hivyo.

Kwa upande mwingine, mwaka 2020 wahandisi wa Chrome walieleza kwamba takribani asilimia 70 ya nyufa zao kubwa za usalama zinatokana na makosa ya kushika kumbukumbu ya kompyuta, yale yale ya libwebp. Lugha ya programu ya Rust, inayozuia makosa ya namna hiyo tangu mwanzo, ililelewa na Mozilla, na sehemu ya Firefox iliandikwa upya kwa lugha hiyo ikatoka Novemba 2017. Kwa hiyo kila upande una jambo alilomfundisha mwenzake.

Hapa ninawaomba mkumbuke kitu kinachopunguza nusu ya mabishano yetu. Edge, Brave, Opera, Vivaldi, Samsung Internet, vyote vimejengwa juu ya Chromium. Kuta ni zile zile. Microsoft ilikuwa na injini yake, yaani ile sehemu ya ndani inayosoma na kuchora kurasa, ikaiacha. Edge mpya ikatoka Januari 2020 juu ya msingi wa Google. Injini kubwa zilizobaki duniani ni tatu tu: Blink ya Google, WebKit ya Apple, Gecko ya Mozilla. Na mwenye iPhone, nje ya Umoja wa Ulaya na Japani, akibishania Chrome na Firefox anabishania rangi ya mlango, kwa sababu Apple inavitaka vivinjari vyote kwenye simu hiyo vitumie WebKit. Ulaya sheria ilibadilisha hilo mwaka 2024, Japani mwaka 2025. Kwa hiyo ukilinganisha Chrome na Brave kwa upande wa kuta, linganisha kasi ya kufikisha viraka. Vivinjari vikubwa kama Edge na Brave kwa kawaida hufuata baada ya siku chache. Vile vidogo visivyojulikana, vinavyokuahidi kasi ya ajabu na data ya bure, vinaweza kukaa muda mrefu na nyufa ambazo Chrome imekwisha kuziziba. Hivyo sivipendekezi kwa mtu yeyote, na hapa sina pa kusitasita.

Mpaka sasa nimemzungumzia mwizi, mtu wa nje anayetafuta ufa. Tumzungumzie sasa mwenye nyumba, yaani aliyekitengeneza kivinjari.

Unaweza kukaa katika nyumba yenye kuta imara kuliko zote mtaani, na mwenye nyumba akawa anaandika daftarini kila mgeni wako, saa aliyoingia na saa aliyotoka. Mwizi hapati kitu. Lakini je, uko salama? Vijana wale wawili hawakuwa wanabishana. Mmoja alikuwa anamjibu mwizi, mwingine anamjibu mwenye nyumba, na kila mmoja alikuwa anasema kweli kuhusu mtu wake.

Vidakuzi, yaani zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti inaziweka kwenye kivinjari chako, vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari ya enzi zile. Nia ilikuwa njema: tovuti ikukumbuke, duka lisisahau ulichokwisha kuweka kapuni unapohamia ukurasa mwingine. Bila kidakuzi ungeingiza nywila kila unapobonyeza kitu. Ila kampuni za matangazo zikaona mlango. Kama tangazo langu liko kwenye tovuti elfu, na tangazo linaweza kuweka kidakuzi, basi nitakutambua kwenye tovuti zote elfu. Asubuhi umesoma habari za ugonjwa fulani, mchana umetafuta nyumba ya kupanga, usiku umeangalia ushauri wa ndoa. Tovuti tatu zisizojuana, ila tangazo moja limekuona kwenye zote. Hivyo ndivyo vinavyoitwa vidakuzi vya watu wengine, na hapo ndipo vivinjari vinapoachana njia.

Firefox ilianza kuvizuia vifuatiliaji vinavyojulikana kwa watumiaji wote mwaka 2019, bila mtu kugusa mipangilio. Mwaka 2022 ikaongeza kinga inayompa kila tovuti mtungi wake wa vidakuzi, asiweze kuchungulia wa jirani. Safari ilivizuia kabisa vidakuzi vya watu wengine Machi 2020. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba Chrome itaviondoa ndani ya miaka miwili. Ikasogeza. Ikasogeza tena. Julai 2024 ikasema haitaviondoa. Kampuni ambayo sehemu kubwa ya mapato yake ni matangazo iliulizwa na dunia kama iko tayari kujifunga mikono, na baada ya miaka minne na nusu ikajibu.

Ukitaka kujua mwenye nyumba anataka nini, tazama anakula wapi. Lakini tuwe waadilifu, tuwatazame wote. Mozilla inapata sehemu kubwa ya mapato yake kwa Google, kwa sababu imeifanya injini ya utafutaji ya Google iwe ya kwanza ndani ya Firefox. Apple nayo: kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilifichua kwamba mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple takribani dola bilioni 20 kwa nafasi hiyo ndani ya Safari. Brave, inayojitangaza kwa faragha, ilikutwa mwaka 2020 ikikamilisha anwani ya tovuti ya kubadilisha sarafu za kidijitali kwa kiungo kinachoiletea kamisheni. Mmoja wa waanzilishi wake, Brendan Eich, aliomba radhi na jambo likarekebishwa. Hakuna mtakatifu hapa. Tofauti ni kiasi gani cha maisha yako kinahitajika ili mwenye nyumba apate mlo wake.

Profesa Douglas Leith wa Trinity College Dublin aliwahi kufanya kazi moja safi sana. Mwaka 2020 alichukua vivinjari sita vikiwa na mipangilio vilivyozaliwa nayo, akasikiliza vinawatumia nini wenyewe waliovitengeneza. Brave ilikuwa tulivu kuliko vyote. Chrome, Firefox na Safari zikakaa katikati: kila moja ilituma namba ya kuitambulisha, na kupitia ule msaada wa kukamilisha maneno unapoandika anwani, ikaeleza unakotaka kwenda. Edge na Yandex ya Urusi zikawa chini, kwa sababu zilituma utambulisho unaofungamana na mashine yenyewe, usiofutika hata ukiondoa kivinjari ukakiweka upya. Yaliyopimwa mwaka 2020 yanaweza kuwa yamebadilika, vivinjari havikai. Ila mnaona kwamba Firefox niipendayo haikuwa ya kwanza, na mambo mengi yale yanazimika kwenye mipangilio. Shida ni kwamba watu hawafiki kwenye mipangilio.

Hali fiche nitaipitia haraka. Inawaficha wa nyumbani kwako, haimfichi mtoa huduma wako wa intaneti wala tovuti unayotembelea. Google ilishtakiwa mwaka 2020 kwa sababu watu waliamini zaidi ya hapo, na katika makubaliano ya mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi. Mwenye sababu nzito ya kujificha, kama mwandishi wa habari mwenye chanzo cha kulinda, aende kwenye Tor Browser, kivinjari kinachopitisha mawasiliano yako kwenye vituo kadhaa ili usijulikane ulipo, avumilie ucheleweshaji.

Sasa niwape kisa cha mama mmoja ninayemheshimu sana. Alinipigia simu ana hasira. "Mwanangu, hicho kivinjari ulichoniwekea kimesahau nywila ya benki yangu. Jana kilikuwa kinaijaza chenyewe, leo kimenyamaza." Nikamwambia, "Mama, usiandike kitu. Nipigie picha hiyo skrini unitumie." Picha ikaja. Nembo ya benki ipo, rangi zipo, kila kitu mahali pake. Nikakuza sehemu ya anwani. Katikati ya jina la benki palikuwa na herufi moja iliyojirudia isivyopaswa. Macho yake hayakuiona, na yangu yasingeiona kama nisingeitafuta. Kivinjari hakikusahau. Kilikuwa kimehifadhi nywila kwa anwani moja, na hii ilikuwa anwani nyingine, kikakataa kuitoa.

Nikamuuliza, "Umefikaje hapo, mama?" Akasema ameandika jina la benki kwenye utafutaji, akabonyeza la kwanza. La kwanza lilikuwa tangazo la kulipiwa.

Wekeni nywila zenu ndani ya kidhibiti cha nywila, cha kivinjari au cha kujitegemea. Siku kikinyamaza, msikilazimishe. Someni anwani. Na ile kufuli ambayo tumefundishwa kuitafuta haikuwa na msaada wowote siku ile, kwa sababu ukurasa wa mwizi nao ulikuwa nayo. Kufuli inasema njia kati yako na tovuti imefungwa kwa usimbaji fiche. Haisemi aliyeko upande wa pili ni nani. Chrome iliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wanaielewa vibaya.

Tangazo lile linanileta kwenye mabadiliko yanayoniuma. Desemba 2022 FBI ya Marekani iliwaonya watu kuhusu matangazo kama hayo yanayojifanya benki na makampuni, ikawashauri watumie kizuia matangazo wanapotafuta mtandaoni. Kizuia matangazo ni zana ya usalama, na polisi wanasema hivyo. Bora ninachokijua ni uBlock Origin cha Raymond Hill. Hicho ni kiendelezi, programu ndogo ya kukiongezea kivinjari uwezo. Google ilibadilisha kanuni za viendelezi, mfumo uitwao Manifest V3, ambao hauruhusu tena kiendelezi kukagua na kuzuia kila ombi ambalo ukurasa unatuma mtandaoni kwa namna uBlock Origin ilivyokuwa ikifanya, na mwaka 2024 hadi 2025 Chrome ikakizima. Kimebaki kidogo chake, Lite, chenye uwezo pungufu. Firefox imekibakiza kizima. Google inasema kiendelezi chenye uwezo wa kuona kila ombi ni hatari. Katika hilo wana hoja, na najua kwa sababu yamenikuta.

Nilikuwa na kiendelezi cha kupiga picha za skrini. Kizuri, chepesi, nimekitumia miaka. Nikawawekea watu kumi na mmoja, kwa mikono yangu. Siku moja mmoja wao akaniambia kila akitafuta kitu anapelekwa kwenye tovuti ya ajabu. Nikahangaika siku tatu na kompyuta yake, nikasafisha kila kona, mpaka nilipozima viendelezi kimoja kimoja. Kilikuwa kimeuzwa. Mwenyewe alimuuzia mtu mwingine, na huyo akatuma sasisho lenye mambo yake, likaingia lenyewe usiku tumelala. Kikulacho ki nguoni mwako. Niliwapigia simu wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, nikawaomba radhi na kuwaelekeza kukitoa. Ndilo lililoipata hata The Great Suspender, kiendelezi chenye watumiaji zaidi ya milioni mbili: kiliuzwa mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Tangu siku ile viendelezi vyangu ni viwili tu, na kila kimoja najua nani anakitunza.

Mzee mmoja aliniuliza mahali pengine: "Sasa kama Chrome ina kuta nzuri, si tuhamie wote huko, tuyamalize?" Ni swali zuri, na dunia imekwisha kulijaribu. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001. Microsoft ilikuwa imewashinda wote, watu zaidi ya tisa katika kila kumi wakitumia Internet Explorer. Ikafanya nini baada ya kushinda? Ikakaa. Internet Explorer 7 ilitoka Oktoba 2006. Miaka mitano, na miaka hiyo ndiyo ile tuliyosafisha kompyuta zilizojaa programu hasidi kila wiki, tovuti zimejengwa kwa ajili ya kivinjari kimoja kibovu na hakuna pa kuhamia. Kilichoiamsha Microsoft ni Firefox 1.0, Novemba 2004, kazi iliyofanywa na watu wachache na wengi waliojitolea. Leo Chrome peke yake ina karibu theluthi mbili ya dunia, na ukiwaongeza wanaopanga kwenye msingi wake ni zaidi. Google ya leo inaziba nyufa kwa bidii, namshukuru kila mhandisi wao. Lakini nataka injini nyingine ziendelee kuwepo, na injini haiishi bila watu wanaoitumia.

Kwa hiyo mimi natumia Firefox yenye uBlock Origin kwa mambo yangu yote, na nina Chrome pembeni kwa tovuti zinazokataa. Mtu anayehofia kushambuliwa yeye binafsi na wadukuzi wenye uwezo, nitamwambia achukue Chrome, au Safari kwenye iPhone aliyowasha hali ya kufunga kabisa (Lockdown Mode). Asiyetaka kugusa mipangilio hata kidogo, Brave itamtosha. Mwenye kompyuta ya zamani ya Windows 7, Chrome ilimwacha mwanzoni mwa 2023, ila Mozilla iliendelea kutoa viraka vya Firefox 115 kwa mashine hizo kwa zaidi ya miaka miwili baada ya hapo. Hilo lilikuwa tendo la kuwajali watu wasio na fedha ya kununua mashine mpya, na sijalisahau.

Sasa naomba kila mmoja atoe simu yake au afungue kompyuta yake. Nenda kwenye menyu, halafu Msaada, halafu pale palipoandikwa Kuhusu. Kwenye simu, fungua duka la programu, tafuta jina la kivinjari chako, tazama kama kuna kitufe cha kusasisha. Asiyeona aniinulie mkono, nitapita meza kwa meza. Na kijana wangu wa vichupo arobaini na tatu, wewe njoo mbele, tukizindue pamoja, uvione vikirudi.